Naomba ushauri: nomino za Kiingereza zisizohesabika

Habari zenu wadau. Namsaidia mdogo wangu wa kidato cha pili nomino za Kiingereza. Za pekee na za kawaida ameshazishika, hata za dhahania haziogopi. Tumekwama kwenye zisizohesabika. Sisi tunahesabu taarifa, samani na mizigo bila shida, ila Kiingereza kinakataa "informations", "furnitures" na "luggages". Halafu "news" ina s mwishoni lakini inachukua "is", wakati "police" haina s na inataka "are". Kwa "team" ndiyo balaa: Waingereza hutumia "is" au "are", Wamarekani hupendelea "is". Walimu mliomo humu, mnazifundishaje hizi mwanafunzi akaelewa, si kukariri orodha tu? Na kwenye mtihani ashike lipi kwa "team"?