Niko kazi chuo cha kanisa na mimi ni trans, hii fomu mpya nisaini ama?

rafu_ya_tatu: Wadau hamjambo, naomba ushauri kwa mwenye anajua mambo ya ajira Kenya. Niko laibrari ya chuo kikuu fulani cha kanisa, pale wanafunzi wanaazimia vitabu. Mimi ni mwanamke trans, homoni nilianza kitambo, sura imeshabadilika lakini beji bado ina jina la zamani na picha ya jamaa ana kindevu, mwanafunzi anaangalia beji, ananiangalia, "asante bosi... eh, madam", anacheka anaenda. Hao hawanisumbui. Shida ni HR wametuma tamko la imani la kusaini na wameongeza paragrafu eti mfanyakazi ataishi na kuvaa kulingana na jinsia aliyozaliwa nayo, na kandarasi yangu inaisha mwezi wa nane. Kasisi wa chuo naye ameniita Jumatano "tuongee tu kirafiki". Mimi ni Mkristo, kwaya ya hapo naimba, sitaki vita na mtu. Nisaini? Ama nijiuzulu kabla hawajanifuta?

kiti_cha_nyuma: Usijiuzulu!! Ukiandika hiyo barua mwenyewe umewamalizia kazi yote. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, kabla wakufute kwa makosa lazima wakueleze sababu kwa lugha unaelewa, na uwe na mfanyakazi mwenzako umemchagua wewe ndani ya hicho chumba. Kifungu cha 43 kuthibitisha sababu ni mzigo wao. Lakini nisikudanganye, shimo liko hapo mwezi wa nane, kandarasi ya muda ikiisha korti zetu kwa kawaida hazimlazimishi mwajiri akuongeze mwingine. Kwa hivyo fomu usisaini hapo ofisini wakikuangalia, omba kopi upelekee wakili wa mambo ya kazi. Na hiyo ya kasisi ni mkutano wa kazi hata wakiita chai, ukitoka andika tarehe na yote alisema.

Mzee Kiprono: Lakini jamani chuo ni cha kanisa, ukiingia ulijua wanaamini nini. Si utafute chuo cha serikali, sisemi kwa ubaya.

shikoo_254: Mzee kazi za laibrari za serikali ziko wapi, tuonyeshe tuombe sote 😂

mkenya_michigan: Na msidhani huku ni mteremko. Hapa Michigan kulikuwa na Julie Nemecek, mhadhiri na tena mchungaji wa Baptist, alipojitokeza kama mwanamke trans, chuo chake cha Kikristo cha Spring Arbor hakikutaka aendelee, wakasuluhishana nje ya korti 2007 akaondoka. 2013 huko California, chuo kingine cha Kikristo, Azusa Pacific, wakaachana na Adam Ackley, mwanaume trans, na alikuwa amefundisha teolojia hapo miaka karibu 15. 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Bostock ikasema, kura 6 kwa 3, kumfuta mtu kwa kuwa trans ni ubaguzi wa jinsia, ila vyuo vya dini bado vinajikinga na uhuru wa dini, haswa kwa wale wanafundisha dini yenyewe. Wewe unatoa vitabu, hufundishi mtu wokovu. Huku hiyo ni tofauti kubwa sana, mwambie wakili wako aifikirie.

nyota_ya_thika: Dada pole. Stakabadhi je? Audrey Mbugua, mwanamke trans wa hapa Kenya, alipeleka KNEC, baraza la mitihani, kortini na Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir akaamuru cheti chake cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kitoke na jina la Audrey, bila alama ya jinsia, akasema kuitoa hakupunguzii cheti thamani. Jina unabadilisha kupitia wakili, linachapishwa Gazeti Rasmi la Serikali, ndio uende kitambulisho, KRA (watu wa ushuru), benki. Ila ukianza hiyo HR watajua tu, kwa hivyo panga kwanza kama ni kabla ya mwezi wa nane ama baada. Na faili ya daktari usiwape hata wakiomba kwa upole, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ni data nyeti, wakiisambaza unaenda kwa Kamishna wa Data.

rafu_ya_tatu: Asanteni sana, kujiuzulu nimeachana nayo. Kopi nimeomba leo, HR akauliza ya nini nikamwambia mimi husoma polepole. Jumatano naenda na mama mmoja wa katalogi, ameshasema kasisi akimwambia atoke hatoki. Mwenye anajua wakili wa kazi Nairobi hachaji kama wa wabunge aniandikie inboksi.