Ushauri: sakafu ya mbao ngumu juu ya zege, Mtwara mjini

Baraza_Shangani
Wakuu, habari za leo. Nataka sakafu ya mbao sebuleni, nyumba ipo Shangani, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja. Chumba ni futi 12 kwa 14, chini kuna zege la miezi mitatu. Nimepewa bei ya mninga, mtiki na mpangapanga. Fundi anasema turande, tubandike kwa gundi nyeupe wiki hii hii. Nimesita. Mnashaurije? Nawasilisha.

Randa_Kavu
Umesita vizuri mkuu. Gundi nyeupe ni ya maji. Ubao unainywa upande wa chini, unavimba huko huko, juu umebaki ulivyo. Matokeo yake kingo zinajikunja juu kama mtumbwi. Kama ni lazima kubandika, iwe gundi ya poliyurethani, ile inayobaki na unyumbufu kama mpira. Ila kwa mbao za kupasuliwa huku kwetu, pigilia juu ya mbao za 2x2.

Mbao: mninga unarandika kirahisi na hauchezi sana, ningeanza nao. Mtiki mzuri, lakini wa miti michanga una weupe (mbao nyeupe ya nje ya gogo) mwingi pembeni. Mpangapanga ni mgumu na mzito, usijaribu kuupigilia bila kutoboa. Kiini cha zote tatu kinawashinda mchwa, weupe hauwashindi, na bungua wanaupenda zaidi. Ukate wote. (Mpingo usahau, magogo yake mafupi na yamepinda.)

Dai risiti na hati ya kusafirishia ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Mbao zisizo na karatasi zinakamatwa njiani na hasara ni yako.

Pima_Maji
Naongeza hesabu. Eneo ni mita za mraba 15.6. Ubao wa 1x4 ukisharandwa na kuchongwa ulimi na mfereji (ulimi wa ubao mmoja unaingia mfereji wa mwenzake) unafunika kama milimita 85. Hapo unahitaji mita 184 za urefu. Weka asilimia 12 ya upotevu, inakuwa mita 206. Kwa mbao za futi 10 nunua 68.

Kabla ya kununua, pima unyevu. Kata kipande kidogo futi moja na nusu kutoka kwenye ncha, maana ncha hukauka kwanza na itakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni nyuzi 103, kitoe kila baada ya saa mbili upime tena mpaka uzito ugote. Mfano: kilikuwa gramu 230, kimegota 200. Gramu 30 gawanya kwa 200, asilimia 15. Kwa madirisha wazi pwani unataka 12 hadi 14. AC ikiwaka kutwa, 10 au 11.

Na zege nalo: bandika nailoni ya mita moja kwa moja, kingo zote uzizibe kwa tepu, acha siku mbili. Ukikuta matone chini yake au zege limekoza rangi, bado.

Dada_Skatingi
Ufungaji: tandaza nailoni ya geji 1000, maungio yapandane sentimita 20, ipande ukutani mpaka nyuma ya skatingi (ubao wa chini ya ukuta). Juu yake funga 2x2 zilizopakwa dawa ya mchwa kila inchi 16, pima maji isitoke mkononi. Kila tundu la skrubu kwenye zege litie silikoni, vinginevyo nailoni umeitoboa bure.

Mbao zilale kwa urefu wa futi 14. Toboa ulimi kwa kekee ya milimita 2.5, msumari wa inchi 2 uingie kwa mshazari. Usipotoboa, ulimi unapasuka. Ncha za safu jirani zipishane angalau sentimita 20.

Kando ya kuta acha milimita 12 kila upande. Mafundi wengi huidharau nafasi hii. Mtiki uliopasuliwa bapa (uso mpana ukifuata duara za gogo), unyevu ukipanda asilimia 3, unatanuka kama nusu milimita kwa ubao. Mbao 43 kuvuka chumba, tayari milimita 20. Masika sakafu inakosa pa kwenda, inainuka katikati. Ukifunga mwezi wa kumi mbao zikiwa kavu kabisa, usizikaze kwa nyundo hadi mwisho.

Msasa namba 60, 80, halafu 120, vanishi ya poliyurethani mikono mitatu. Mtiki una mafuta, ufute kwa thina kwanza.

Baraza_Shangani
Asanteni sana. Kudeki je? Halafu nimepima kipande cha mninga: gramu 312, kimegota 256.

Dada_Skatingi
Fagia mchanga kila siku, huo wa ufukweni ndio unaokwangua vanishi. Dekio likamuliwe mpaka lisidondoshe, ndoo ya maji usiimwage kamwe.

Pima_Maji
Hiyo ni karibu asilimia 22, mkuu. Usifunge. Zipange kivulini penye upepo, vijiti vya inchi moja kila futi 2, vikae mstari mmoja juu hadi chini, la sivyo mbao zitapinda hapo hapo. Ncha zipake rangi zisipasuke, juu weka matofali. Pima tena kila wiki mbili. Fundi mwambie apokee kazi nyingine kwanza.