Kijiko kwenye tela: mzigo ukae wapi?

Mkulima wa Magu: Wakuu, nahamisha kijiko kidogo (mashine ya kuchimba udongo) cha tani 3 kutoka Igoma hadi Magu kwa tela la ekseli mbili. Tulipolijaribu likiwa na mzigo, lilianza kuyumba kila mwendo ukiongezeka. Shida ni nini?

Dereva wa Igoma: Kaka, mzigo uko nyuma mno. Sogeza mbele mpaka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, tela na kijiko pamoja, ulalie pale linaposhikana na gari. Usizidishe, usukani utakuwa mwepesi. Likiyumba barabarani, usikanyage breki kwa nguvu: toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka. Watu wamepinduka hapo!

Mama Tela, Kisesa: Kamba za manila hapana, nakusihi. Tumia minyororo minne, mmoja kila pembe, na ndoo ya kuchimbia ishushwe mpaka iguse sakafu ya tela, nayo ifungwe. Ukishatembea kidogo simama ukaze tena, maana mtikisiko hulegeza.

Mkulima wa Magu: Shikamoo mama, asante. Na kushusha?

Mama Tela, Kisesa: Marahaba mwanangu. Mahali tambarare, tairi zimewekewa vizuizi, na tela usilifungue kwenye gari kijiko kikiwa bado juu. Kikirudi nyuma, pua ya tela inanyanyuka ghafla.