Buti la porini kwa mguu mpana: mtumba, safety, la fundi au niagize nje?

Bata Maji (Tabata)

Wakuu habari za jioni. Mwisho wa mwezi wa sita naondoka Dar kwenda Liwale, nimepata tena kazi ya msimu kwenye kambi ya uwindaji upande wa kusini wa Pori la Akiba Selous. Mimi ni dereva, lakini dereva wa kule ukishapaki gari unashuka na wewe mnafuata nyayo pamoja, mwaka jana kuna siku tulimfuata nyati tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, na mimi saa nne tu nilishaanza kutembelea pembeni mwa mguu kama kaa.

Tatizo si buti, tatizo ni mguu wenyewe. Mbele mpana kama kasia, kisigino chembamba, kile kifupa cha pembeni ya kidole gumba kimetokeza, na juu ya mguu pameinuka kiasi kwamba kiatu chochote ulimi unanikandamiza mpaka ganzi. Urefu nimepima sentimita 26.2, upana 11.1. Kwa urefu mimi ni wa 42 lakini miaka yote navaa 45 maana ndiyo pekee mguu unaingia. Mwaka jana kucha mbili ziling'oka, mama watoto ameziweka kwenye kiberiti anasema ndiyo mshahara niliorudi nao.

Sasa sijui niende mtumba Karume, au safety mpya Kariakoo, au nimpe fundi anishonee, au niagize Afrika Kusini huko. Bajeti laki mbili, nikijikaza laki mbili na nusu. Naombeni uzoefu wa mtu aliyetembea, sio wa kusikia.

Kiboko Msasani

Vaa katambuga mkuu. Tairi haina upana wala wembamba, mguu unakaa unavyotaka 😂

Fundi Soli (Ilala)

Mkuu kwanza achana na hiyo 45. Nashona viatu mwaka wa kumi na tisa huu na hilo kosa naliona kila wiki. Ukiongeza namba unaongeza urefu, upana unapanda kidogo sana. Hizi namba za Ulaya kila moja ni karibu milimita 6.7, kwa hiyo kutoka 42 mpaka 45 umenunua sentimita mbili za hewa mbele ya vidole. Halafu kiatu kina mahali pake pa kukunjika, inatakiwa pakae palepale mguu unapokunjika, kwenye mzizi wa kidole gumba. Kikiwa kirefu wewe unakunja hapa chenyewe kinakunja kule, basi kisigino kitapanda na kushuka kila hatua mpaka malengelenge. Na ukishuka mteremko mguu wote unateleza mbele, hizo kucha zako zilifia hapo.

Pima upya. Pima jioni mguu ukiwa umeshavimba, vaa soksi utakazotumia porini, simama kwenye karatasi uzito wote mguu mmoja na mtu MWINGINE akuchoree penseli ikiwa wima. Ukijichora mwenyewe unainama, uzito unahama, picha inatoka ya uongo. Chora miguu yote miwili. Kisha chukua futi ya fundi cherehani uzungushe pale pana, halafu uzungushe na pale juu palipoinuka. Fundi akikwambia anakushonea buti bila kukuzungushia futi, muage.

Bata Maji (Tabata)

Nimepima sasa hivi mtoto ndio kachora. Mzunguko wa kulia 27.5, kushoto 26.8. Kumbe miguu yenyewe hailingani, miaka arobaini na moja sijawahi kujua hili jambo.

Mchuuzi wa Bero (Karume)

Karibu kwetu kaka, ila uje unajua unachotafuta maana wateja wengi wanaangalia namba ya chini ya soli tu wanaondoka. Funua ulimi. Ukikuta namba mbili zina mkwaju katikati mfano 265/106, ya kwanza ni urefu wa mguu kwa milimita, ya pili ni upana. Hizo ni za majeshi ya Ulaya, nzuri sana kwa mtu kama wewe. Za Marekani zinakuja na herufi, kwa viatu vya kiume D ndio kawaida, E imezidi kidogo, EE na EEE ni za wenye miguu ya kasia. Za jeshi lao utakuta R, W au XW, wewe tafuta XW. Njoo siku bero linafunguliwa asubuhi, ukija saa tisa mchana utakuta zimebaki za wembamba. Bei elfu arobaini mpaka themanini kutegemea na macho yako.

Mzee wa Liwale

Samahani mchuuzi, hapo kwenye za jeshi mnamtafutia mwenzenu kesi. Mwaka 2023 JWTZ walitangaza raia wote wenye mavazi yanayofanana na sare zao wayasalimishe. Sasa dereva amevaa buti la kombati anaingia porini kwenye gari lenye bunduki, akisimamishwa kizuizini aanze kueleza kwamba mguu wangu mpana afande? Hayo mapana ya jeshi aachane nayo, atafute ya kahawia ya raia, ya wapanda milima au ya wafanyakazi wa mashamba.

Mchuuzi wa Bero (Karume)

Sawa mzee shikamoo, nimekuelewa. Kahawia zipo.

Binti wa Saiti (Kigamboni)

Mimi ni sevea, mpima ardhi, ni mwanamke, namba yangu ya kiume 41 na upana ni kama wako tu kaka Bata, kwa hiyo naongea nikijua uchungu. Mtumba niliacha kwa sababu moja. Nilinunua buti zuri la milima, ngozi safi, soli ya chini ina meno mapya kabisa, nikajisifu wiki nzima. Siku ya tatu saiti soli ikaanza kumeguka kama keki iliyokaa, nimerudi nyumbani na ngozi tupu na vipande vya soli nimebeba kwenye mfuko wa rambo, konda wa daladala ananicheka.

Nikahamia safety za Kariakoo, elfu sitini na tano. Zile zilizoandikwa S3 zina bati chini, msumari haupiti, na mwiba wa mgunga haupiti pia. Lakini kwako sikushauri zenye chuma mbele. Ngozi inatanuka, chuma hakitanuki hata ukikiombea, kikikubana siku ya kwanza kitakubana mpaka siku unakitupa. Kidole changu kidogo cha kulia kina sugu mpaka leo kwa ajili ya hilo.

Fundi Soli (Ilala)

Dada hiyo ya kumeguka si bahati mbaya. Kati ya soli ya chini na ngozi kuna tabaka laini kama sponji gumu, inaitwa poliyurethani. Ikikaa miaka bila kuvaliwa inakula unyevu wa hewa taratibu inaoza kwa ndani, na kwa joto na unyevu wa Dar ndio usiseme. Meno ya chini yatabaki mapya kwa sababu halijatembea, ndio maana linakudanganya. Ukishika mtumba bonyeza hilo tabaka kwa kucha ya gumba kwa nguvu, likunje soli, angalia kama kuna nyufa nyembamba au unga. Kikibaki na alama ya kucha rudisha. Cha mpira mtupu hakina shida hiyo.

Kaka Long'o

Jamani mbona mnazunguka, watu wa kazi hizi wanavaa buti za Courteney za Bulawayo, Zimbabwe, au Jim Green za Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Jim Green mbele ni pana, vidole vinakaa vimetawanyika, ngozi yake imekunjwa kwa nje ikashonwa juu ya soli kwa hiyo soli ikiisha fundi anabandua anaweka nyingine. Courteney ndio zile za ngozi ya nyati na tandala, na jina wamelitoa kwa yuleyule Selous wa pori lenu, mwindaji Mwingereza Frederick Courteney Selous, aliyepigwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 na kaburi lake liko hukohuko, siku hizi ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Agiza mkuu, kiatu cha porini kinatengenezwa na watu wanaokaa porini.

Fundi Soli (Ilala)

Sibishi ubora. Nauliza, atajaribia wapi? Mguu kulia 27.5 kushoto 26.8, kisigino chembamba, mgongo wa mguu umeinuka, anabahatisha namba, inakuja haimtoshi, airudishe na nani? Mguu wa kawaida agiza kwa picha, huu wa Bata lazima uingie ndani ya kiatu kabla hela haijatoka.

Kaka Long'o

Anawatumia vipimo, wanamjibu namba. Mimi walinijibu.

Binti wa Saiti (Kigamboni)

Na mguu wako ukoje kaka Long'o?

Kaka Long'o

Wa kawaida 😅

Mzee wa Liwale

Nilikuwa skauti wa wanyamapori huko huko anakoenda kijana, nimestaafu niko Mbagala. Mmeongea soli na ngozi, niongeze mambo ya kule.

Hao wafuata nyayo wazuri kabisa niliowahi kutembea nao walivaa katambuga, kwa hiyo huyo wa Msasani amecheka lakini hajakosea sana. Wanakanyaga kimya, mguu unapumua. Ila nyayo zao zimezoea toka utoto, wewe dereva wa Tabata ukivaa hizo upupu utakuingia katikati ya vidole utalia mbele ya wageni. Siafu sijawataja.

Buti lako lifunike kifundo cha mguu, lisipande sana. Refu la kufika kwenye kigimbi linapika mguu, mwezi wa kumi kule utajuta. Lisiwe la kuzuia maji lile lenye utando ndani, msimu wenu unaanza kiangazi, maji utakayokutana nayo ni umande na kijito, na buti la utando likishaingia maji kwa juu halikauki siku mbili. Ngozi tupu ukilianika kivulini usiku, asubuhi unavaa. Usilianike karibu na moto, litakauka lipasuke. Rangi ya kahawia. Nyeusi na bluu mbung'o wanazipenda, hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Na hiyo shida ya ulimi kukandamiza haihitaji buti jipya. Ruka tundu moja la kamba pale palipoinuka, pitisha kamba wima juu bila kukatiza, kisha endelea kukatiza kama kawaida. Kabla ya kufika kwenye kifundo zungusha kamba mara mbili kama unaanza fundo la daktari, hapo kisigino kinashikwa nyuma hakipandi, na mbele unaacha umelegeza. Sisi tulifundishana hivyo porini bila kulipia.

Bata Maji (Tabata)

Mzee shikamoo na asante, hiyo ya kuruka tundu nimejaribu sasa hivi na buti langu la zamani, nimekaa hapa kitandani nacheka peke yangu. Miaka yote kumbe ni kamba!

Fundi, wewe ukinishonea ni bei gani na siku ngapi?

Fundi Soli (Ilala)

Laki moja na themanini, wiki tatu. Ila nikwambie ukweli hata kama nakosa kazi. Kukutengenezea kalibu ya mguu wako, kulia na kushoto mbalimbali, naweza. Soli yangu ndio itakuangusha, ninayoipata hapa ni nzuri kwa lami, kwenye mawe na miiba ya miezi sita sina uhakika nayo. Ningekuwa wewe ningeenda kwa mchuuzi na hiyo karatasi, nitafute la ngozi halisi lenye soli ya mpira mtupu, namba 42 na nusu au 43 pana, liletwe kwangu nilitanue. Ngozi nalowesha kwa spiriti na maji, naingiza kalibu yenye kitufe cha kusukuma pale kwenye kifupa tu, nalilaza siku mbili. Elfu kumi na tano. Kifupa kisiangukie kwenye mshono lakini, mshono hautanuki, hilo uliangalie hukohuko kabla hujalipa.

Mchuuzi wa Bero (Karume)

Bero Jumanne saa moja asubuhi. Kuna mtu kaniwekea la kahawia lina EE ndani, sijui kama ni la kwako, siahidi.

Bata Maji (Tabata)

Mrejesho wakuu. Lile la EE lilikuwa 40, nimelia. Ila chini kabisa ya lundo nikatoa la ngozi ya kahawia nzito, 43, lebo imefutika, soli ya mpira imeshonwa pembeni, nimebonyeza kwa kucha kila mahali mpaka mchuuzi akaniuliza natafuta nini. Nimekata mchoro wa mguu wangu kwa mkasi nikauingiza ndani kama soli, haukujikunja pembeni kulia wala kushoto, pale kwenye kifupa tu ndio umepanda kidogo. Mshono uko nyuma ya kifupa. Elfu hamsini na tano. Fundi amelitanua, buti la kulia ndio lililosukumwa zaidi.

Leo siku ya tisa navaa. Nimetoka Tabata mpaka Buguruni na kurudi kwa miguu, soksi za sufu, jua kali, watu wananiangalia. Kulia safi kabisa. Kushoto kisigino kinacheza kidogo nikipanda ngazi, nimeweka soli ya pili nyembamba ndani kimepungua lakini bado nakisikia. Fundi, hapo niongeze soli nyingine au nipunguze soksi?

Fundi Soli (Ilala)

Usiongeze soli, itakuinua ulimi uanze kukukandamiza tena. Lete kesho nikubandike kipande cha ngozi nyuma kwa ndani. Uje na soksi.