Nesi kushona kidonda: ni kazi yake au amevuka mpaka?

Swaleh_K: Jeraha la sentimita 4 pajani, limekatwa na bati. Daktari yuko chumba cha upasuaji, nesi amefunzwa kushona. Ashone, au afunge bandeji asubiri? Nataka hoja, vyeo tuviache.

Kibano: Ashone, mradi kituo kimempa ruhusa hiyo kwa maandishi na kuna wa kumwita akikwama. Mbona wakunga wanashona msamba uliochanika daraja la kwanza na la pili? La tatu, msuli wa njia ya haja kubwa ukiwa umeguswa, wanamwita daktari. Mpaka uko kwenye kina cha jeraha.

DktM: Kupitisha uzi hata fundi cherehani anaweza. Ugumu ni kujua cha kutoshona: jeraha la kuumwa na mnyama, lenye uchafu uliozama, lililopita kwenye kiungo. Na manesi wengi wanadunga ganzi kabla ya kupima hisia, halafu neva (mshipa wa fahamu) iliyokatika inagunduliwa uzi umeshatolewa.

Nesi_Z: Fundi cherehani? Daktari, hilo neno limeniuma. Kupima hisia kabla ya ganzi ndicho tunachofundishwa mwanzo kabisa. Kisha, jeraha likiwa la mkono, kila kidole kikunjwe na kunyooshwa huku ukikizuia, kwa sababu kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) iliyokatika nusu bado inasogeza kidole. Na nani anaosha? Mililita 50 hadi 100 za maji kwa kila sentimita ya jeraha, kwa msukumo wa bomba la sindano, si kupangusa na pamba! Usaha wa siku ya tatu unaanzia hapo. Tunajua pia kwamba ganzi yenye adrenalini, dawa inayokaza mishipa ya damu, haiendi kidoleni.

DktM: Hilo la adrenalini limepitwa na wakati. Visa vingi vya vidole kuoza ni vya enzi za prokaini, ganzi ya zamani, kabla lidokaini tunayotumia sasa haijaingia sokoni 1948. Wapasuaji wa mikono wanaitumia kidoleni leo.

Nesi_Z: Wanaitumia wakiwa na fentolamini, dawa ya kuilegeza mishipa ikikaza. Kituo kisichokuwa nayo, na mgonjwa ambaye damu tayari haifiki vizuri vidoleni, unamwekea ya nini? Lidokaini tupu inatosha.

Kibano: Mnagombea adrenalini, kipimo hamkitaji. Lidokaini ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita. Kwa miligramu 3 kwa kilo, mtu wa kilo 50 mwisho wake mililita 15. Ya asilimia 2, gawa kwa mbili. Anayesahau hapo anamletea mgonjwa degedege, awe nesi awe daktari.

Swaleh_K: Jamani, mimi niliuliza paja.

Nesi_Z: Paja, uzi wa nailoni wa unene wa 4-0, au 3-0 ulio mnene zaidi ngozi ikivutwa sana. Sindano iingie wima, umbali sawa pande zote mbili. Kaza mpaka kingo zigusane tu. Ngozi ikiwa nyeupe damu haipiti, kingo zitakufa. Ukiacha uwazi chini, damu itajaa humo. Chanjo ya pepopunda iulizwe. Nyuzi zitoke siku ya 10 hadi 14. Yakionekana mafuta peke yake, nashona. Msuli ukiwa umekatika, namwita daktari hata kama yuko upasuaji.

DktM: Hapo sina ubishi, na la fundi cherehani naliondoa, dada. La adrenalini siliondoi.

Nesi_Z: Basi tuanze na mgonjwa wa kisukari mwenye vidole baridi. Unamdunga?