Miezi saba naposti LinkedIn, wanaonisoma ni walewale

FundiBaridi:
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa majokofu, hasa ya kuhifadhia chanjo na dawa, na huu ni mwaka wangu wa 11. Kazi zangu zote huja kwa mteja mmoja kumwambia mwingine, na mwaka huu zimepungua, ndiyo maana nilianza kuandika LinkedIn ili wasimamizi wa maghala ya dawa wanifahamu. Naposti Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, sijaruka hata siku moja. Nina koneksheni 312. Laiki napata tano au sita, na ni za watu walewale niliosoma nao chuo, pamoja na shemeji yangu. Komenti ni "hongera" tu. Posti ya juzi ilianza hivi: "Nina furaha kubwa kutangaza kwamba nimekamilisha mafunzo ya siku mbili ya usalama kazini. Nawashukuru wote walioniunga mkono."
Kuna mtu ananiita kwenye kundi la kupeana laiki. Mwingine ananiuzia programu ya kutuma maombi ya koneksheni yenyewe usiku nikiwa nimelala. Nakosea wapi?

Mtarjumani:
Programu hiyo iache kabisa, mkuu. Masharti ya LinkedIn yanaikataza, na akaunti inaweza kufungiwa. Kundi la laiki nimewahi kukaa miezi miwili. Kila posti yangu ilipata laiki karibu thelathini, na katika watu wale hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa na mkataba wa kutafsiri. Nilikuwa nashinda nikilaiki vitu nisivyovisoma ili na mimi nilaikiwe. Nilipotoka sikupungukiwa na kitu.

BiHesabu:
Fundi, pole na kazi. Mimi ni mhasibu wa mashirika madogo, na hapo ulipo nilikaa karibu mwaka mzima, kwa hiyo naomba nikuambie wazi.
Posti ya LinkedIn inaruhusu herufi 3,000, lakini msomaji anaonyeshwa mistari michache ya mwanzo, halafu anakuta "ona zaidi". Hapo ndipo anaamua kubonyeza au kupita. Wewe mistari hiyo umeimalizia kwenye furaha yako. Anayekupenda atasema hongera, naye msimamizi wa ghala hana cha kuchukua hapo, anapita zake.
Hebu nijibu: mara ya mwisho ulipoitwa kwenye ghala, ulikuta nini?

FundiBaridi:
Nilikuta maboksi ya chanjo yamesukumwa hadi ukuta wa nyuma wa jokofu, yale ya mwisho yameganda. Kipimajoto kilikuwa kimening'inizwa karibu na mlango, kinasoma nyuzi 5. Msimamizi alikuwa na hakika kila kitu kiko sawa, maana daftari lake lilikuwa na 5 asubuhi na jioni.

BiHesabu:
Fundi, nimesoma hayo mara mbili, na mimi sina hata chanjo moja ya kutunza! Hiyo ndiyo posti. Anza hivi: "Kipimajoto kinasoma nyuzi 5. Chanjo zimeganda. Yote mawili ni kweli, ndani ya jokofu moja." Kisha eleza unavyojua wewe: kwa nini kule nyuma kuna baridi zaidi, chanjo zipi huharibika zikiganda, kipimajoto kikae wapi. Jina la mteja usilitaje, na picha yenye lebo zake usiiweke.
Jambo la pili ni ule mstari ulio chini ya jina lako. Unaruhusu herufi 220, na huo mstari hukufuata kila unapokomenti. Kama umeandika "Mchapakazi, mpenda maendeleo", ufute. Andika "Natengeneza na kukagua majokofu ya chanjo na dawa". Mtu akikuona popote ajue akuite kwa kazi gani.
Sasa hili ndilo lililonibadilishia mambo mimi. Tafuta watu kama ishirini ambao wafuasi wao ndio unaowataka: wafamasia, wasimamizi wa maghala, waratibu wa chanjo. Soma wanachoandika, na penye jambo unalolijua weka komenti yenye kitu ndani. Mteja wangu wa kwanza wa LinkedIn hakutoka kwenye posti yangu. Mkurugenzi mmoja alilalamika kuhusu hoja za ukaguzi, nikamwandikia mistari minne kuhusu namna ya kupanga risiti za safari tangu siku ya kwanza. Yeye hakunijibu. Aliyenitafuta ni mtu mwingine aliyekuwa akipita kwenye zile komenti.
Posti tatu kwa wiki si lazima. Mimi naandika moja, Jumanne, na muda uliobaki nautumia kwenye komenti.

Mtarjumani:
Niongeze dogo: ukituma ombi la koneksheni, weka neno. "Nimesoma ulichoandika kuhusu kusafirisha chanjo, nami natengeneza majokofu yake" inatosha. Usimuuzie mtu kitu siku hiyohiyo aliyokupokea.

FundiBaridi:
Nimerudi, wiki tatu zimepita. Dada BiHesabu, ahsante sana. Ile posti niliiandika kama ulivyosema, nikaeleza kwamba chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwamba ya homa ya ini B na ya pepopunda huharibika zikiganda. Laiki ni 19, si nyingi. Lakini komenti ni 11, na saba ni za watu nisiowajua kabisa. Wawili wamesema wamekwenda kuhamisha vipimajoto vyao siku hiyohiyo.
Jana mfamasia mmoja kaniuliza: akishuku chanjo ziliganda kisha zikayeyuka, atajuaje? Kuna jaribio la kutikisa chupa, unailinganisha na nyingine ya toleo hilohilo uliyoigandisha makusudi, unaangalia ipi inatuama haraka. Nimeanza kumwandikia nikaona jibu linarefuka. Nalimalizia usiku huu, Jumatano naliposti.