Nikiweka OR kiki zinapungua badala ya kuongezeka, shida iko wapi?

geti_ya_umoja
Habari zenu wakuu. Niko Umoja hapa na nimekuwa nikijenga sinthesaiza ya moduli (chombo cha muziki cha stima, vipande vyake unaunganisha kwa waya) polepole kama miaka miwili hivi, sahii niko na kloki (inatoa mapigo ya kuendesha kila kitu, kila pigo ni hatua moja), divaida moja (inagawanya hayo mapigo) yenye matundu ya 2, 4, 8 na 16, moduli moja ya lojiki ya AND (inatoa volti zote mbili zikiwa juu), OR (angalau moja ikiwa juu) na XOR (moja tu ikiwa juu), halafu moduli tatu za ngoma, yaani kiki (ngoma nzito ya chini), snea (ile kali ya kati) na haihati (ile ya matasa). Sikwensa (ile ya kupanga mapigo kwa vibonyezo) sina na kusema ukweli siitaki, nataka mdundo utoke kwa lojiki yenyewe juu nimesikia watu wakifanya hivyo na unakuwa na uhai fulani.

Sasa shida. Nimechukua ya 2 na ya 4 nikaziingiza kwa OR nikapeleka kwa kiki. Kwa akili yangu OR inajumlisha, si ndio, kwa hivyo nilitarajia mapigo mengi. Napata pigo MOJA kila hatua nne! Ile ya 2 peke yake inanipa mbili. Na nikitumia XOR kuna wakati nasikia pigo la ziada kabisa mwanzo wa mzunguko, linakuja linapotea, siwezi kulishika. Nimebadilisha waya zote. Kuna mtu amepitia hii?

fundi_wa_luthuli
Waya zako ziko sawa msee, usinunue zingine. Divaida nyingi hazitoi pigo fupi, zinatoa geti, yaani volti inayokaa juu nusu ya mzunguko wake. Andika kwa karatasi, hatua nne kuanzia sifuri:

ya 2: 0 1 0 1
ya 4: 0 0 1 1
OR: 0 1 1 1
AND: 0 0 0 1
XOR: 0 1 1 0

Ona hiyo OR. Imepanda hatua ya 1 na haijashuka mpaka mzunguko uishe. Moduli ya kiki inapiga volti ikipanda kutoka chini, basi, volti ikibaki juu haina habari nayo. Ni kama geti ya ploti, askari amefungua mara moja na magari matatu yakapita yakifuatana, wewe uliye ndani umesikia geti ikilia mara moja tu. Magari yalikuwa matatu lakini.

Dawa: chukua kinachotoka kwa ile OR, kiingize kwa AND ya pili pamoja na kloki yenyewe, ile ya mwanzo kabla haijagawanywa. Kloki inashuka katikati ya kila hatua kwa hivyo inaikatakata ile geti ndefu, na sasa utapata mapigo matatu, hatua ya 1, 2 na 3. Mimi siku hizi hakuna kitu kinafika kwa ngoma bila kupitia hiyo AND ya mwisho.

Na lile pigo la ziada la XOR sio masikio yako. Kutoka hatua ya 3 kurudi 0, zile geti mbili zinafaa kushuka pamoja, lakini kwa divaida nyingi moja inasubiri mwenzake aanguke ndio aanguke. Hiyo nafasi iko chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, na hapo katikati XOR inaona moja iko juu na nyingine chini, inarusha ncha nyembamba sana. Moduli ya ngoma wakati mwingine inaiona wakati mwingine inaikosa, ndio maana inakuja na kupotea.

Mimi nilijijengea yangu kwa chipu za 4040 (ya kuhesabu na kugawanya kloki) na 4081 (ya AND), utazipata ukizunguka maduka ya vipuri hapa Luthuli. Uzuri wa 4040 ni kwamba inahesabu kloki ikiwa INASHUKA. Kwa hivyo kloki ikipanda, namba zote zimeshatulia kitambo, na ukikata kwa AND kama nilivyosema ule uchafu wote unabaki nje. Kama divaida yako inahesabu kloki ikipanda, geuza kloki kwa NOT (juu inakuwa chini, chini inakuwa juu) kabla haijaingia kwa divaida. Kwa AND acha ile ya kawaida.

mpiga_haihati
Kwani si rahisi kununua sikwensa ya hatua 16 na kumaliza hii maneno? Unabonyeza pale unataka, unasonga. Nauliza kwa heshima tu, juu naona moduli nne zikifanya kazi ya moja.

geti_ya_umoja
@fundi_wa_luthuli imekubali!!! Mapigo matatu, safi kabisa, na ile ya XOR imenyamaza. Asante sana mkuu, nimekaa na hii shida wiki mbili. Sasa nisaidie na hii, nataka kiki na snea za kawaida, snea ianguke kwa mbili na kwa nne, nitazipataje na hizi nilizo nazo?

dada_biti
Ngoja nikujibu hii, ndio sehemu naipenda kuliko zote. Yale matundu manne ya divaida yako ni namba ya hatua imeandikwa kwa biti, yaani kwa sifuri na moja. Ya 2 ni biti ya kwanza, ya 4 ya pili, ya 8 ya tatu, ya 16 ya nne, na hapo una hatua 16, kuanzia 0 mpaka 15. Ukishaona hivyo hutapachi tena kwa kubahatisha.

Chukua NOR ya ile ya 2 na ya 4 (kama huna NOR weka OR halafu NOT). Inakuwa juu hatua ya 0, 4, 8 na 12, yaani dum dum dum dum, nne sawa. Sasa hiyo NOR iweke kwa AND pamoja na ya 8. Inabaki 4 na 12 peke yake, hiyo ndiyo snea yako. Kiki ni NOR hiyohiyo lakini na ile ya 8 ikiwa imegeuzwa kwa NOT, unapata 0 na 8. Haihati iliyofunguka: AND ya ile ya 4 na ya 2 iliyogeuzwa, inaanguka 2, 6, 10 na 14, katikati ya kila kiki na snea. Na ukitaka madoido mwisho wa ba (ule mzunguko wa hatua 16), AND ya 4, 8 na 16 inafunguka hatua ya 14 na 15 tu, hapo usisahau kukata na kloki kama fundi alivyosema la sivyo zitashikana.

XOR nayo usiiogope, ni ile taa ya ngazi kwa flati yenye swichi chini na nyingine juu, swichi zikikubaliana taa inazima, zikitofautiana inawaka. Claude Shannon alionyesha mwaka 1937 kwamba saketi za swichi zinafuata hesabu ya George Boole, kwa hivyo hii tunafanya na ngoma ni kazi ileile ya fundi wa stima.

@mpiga_haihati swali lako ni la haki. Sikwensa inakumbuka ulichobonyeza, ngoma moja haijui nyingine iko wapi. Kwa lojiki zinasikizana. Mimi haihati yangu ni "haihati NA SIO snea", kwa hivyo snea ikipiga haihati inampisha, nikihamisha snea haihati inahama yenyewe bila mimi kuigusa. Fikiria isukuti, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, wapigaji wanaachiana nafasi. Hiyo kuachiana ndiyo natafuta na siipati kwa vibonyezo 16.

mpiga_haihati
Hapo kwa kupishana nimekuelewa. Mimi sina moduli hata moja nyumbani, nitajaribia wapi?

waya_mrefu
Shusha VCV Rack, programu ya sinthesaiza ya moduli, kwa kompyuta, toleo la bure linatosha kabisa, na moduli za lojiki zimejaa humo. Kitu kimoja tu, kila waya humo inachelewesha sampuli moja, kama 0.02 ya milisekunde ukiwa kwa sampuli 44100 kwa sekunde. Huwezi kuisikia lakini XOR inaiona, kama njia moja imepita waya mbili na nyingine waya tatu utapata lile pigo la ziada la huyu wa Umoja. Kata na kloki, ileile.

Na msikwame kwa 2, 4, 8. Mimi nilizaliwa Mombasa, chakacha iko kwa sita bwana! Tafuta divaida ya 2 na ya 3 zenye pigo fupi, sio geti ndefu, gawanya kloki moja kwa 2 na kwa 3. Kwa hatua sita ya 2 inaanguka 0, 2, 4, ya 3 inaanguka 0 na 3. OR inakupa 0, 2, 3, 4, na hapo mabega yanaanza kucheza yenyewe. AND inakupa 0 tu, pale zote mbili zinakutana, weka kiki. XOR ni 2, 3, 4, weka ngoma ndogo ya juu. Waya mbili zimeingia, sehemu tatu zimetoka.

geti_ya_umoja
Nimekesha na hii ya sita. Kiki kwa AND, snea kwa XOR, haihati kwa OR, na nimegundua nikigusa kloki tu zote tatu zinakimbia pamoja bila kupotezana. Swali la mwisho, nikizima kloki na kuwasha tena, ya 2 na ya 3 hazianzi pamoja, AND inahama inaenda kuangukia katikati.

fundi_wa_luthuli
Tundu la riseti, lile la kurudisha hesabu kwa sifuri. Divaida zote mbili zipate riseti kutoka waya mmoja, na uitume kabla kloki haijaanza.